Ukweli Kuhusu Picha ya Uwanja wa Buluu

Ndugu zangu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu,

Nimesikia kwamba picha niliyopigwa jukwaani, nyuma yangu kukiwa na uwanja wa nyasi za buluu, imezungushwa kambini kama ushahidi kuwa nimeajiriwa na timu kubwa ya mpira wa Kimarekani. Habari hiyo imeniudhi, na imeniudhi zaidi shangazi alipouliza kwa nini basi ada ya mtoto inachelewa.

Uwanja ule ni wa Chuo Kikuu cha Boise State, hapa katika jimbo la Idaho, Marekani, na nyasi zake bandia zimekuwa za buluu tangu 1986. Kila Desemba, mara nyingi siku chache kabla ya Krismasi, huchezwa hapo Famous Idaho Potato Bowl, mechi ya vyuo ya baada ya msimu ambayo ilianza mwaka 1997 na kupewa jina la viazi mwaka 2011. Kwa kawaida chuo huhitaji kushinda mechi 6 kati ya 12 ili kialikwe. Kocha anayeshinda humwagiwa chipsi, watu wakashangilia, kisha wakaenda nyumbani.

Hapo ndipo kazi yangu huanza. Tunapita safu kwa safu tukiokota vikombe na mabaki ya chakula, soda iliyomwagika ikiwa imeganda chini ya viti, glovu zimelowa, vidole havina hisia, na msimamizi wa kampuni ya usafi hutuita kwa filimbi ilhali majina yetu yameandikwa kifuani. Mimi niliyewafundisha watoto wenu hesabu naitwa kwa filimbi. Malipo ni kwa saa. Hutangulia kodi ya nyumba, kisha deni la tiketi ya ndege ambalo mkimbizi hulipa kidogo kidogo baada ya kufika, na kinachobaki ndicho ninachowatumia.

Mpwa wangu anayetaka kuja kucheza, nakuomba usiache shule kwa ajili ya ndoto hiyo. Ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, lakini wengi wao wamelelewa na mchezo huu tangu utotoni, na mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo hubanwa na masharti ya kazi. Soma. Fanya mazoezi pia, kwa kuwa una mbio na sitaki kukuvunja moyo.

Msitamani maisha haya kwa kuangalia picha. Hata hivyo, jina lenu likiitwa kwa usaili wa kuhamishiwa huku, nendeni siku hiyohiyo, wala msimlipe mtu yeyote anayedai kuwaharakishia. Njooni na makoti mazito.

Shangazi, ada nitaituma Ijumaa nikishalipwa. Tafadhali usikope kwa mtu, na mwalimu mkuu aambiwe hivyo kabla hajamrudisha mtoto nyumbani.