Uliza Shangazi: Maboga ya Halloween yaende wapi?

Shikamoo Shangazi. Tunaishi Illinois, Marekani. Halloween, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ya kuchonga maboga na kuyawashia mshumaa ndani, imepita, na barazani kwetu yamebaki maboga saba: matatu watoto waliyachonga sura, moja walilipaka rangi, matatu ni mazima. Baba watoto anataka yote yaingie pipa la taka. Jirani yeye hutupa yake kichakani, eti kulungu watakula. Nifanyeje?
Mama Mapacha

Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto avute subira. Boga ni maji matupu, karibu asilimia 90. Likifukiwa dampo chini ya taka nyingine huoza pasipo hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi. Likiozea bustanini penye hewa, unapata mbolea ya bure.

Yale mazima bado ni chakula. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka kikonyo, kisha chini pale lilipokalia. Likiwa gumu kote na halijapigwa na barafu, liweke ndani pakavu, penye nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, nalo litakaa miezi miwili mitatu. Utamu usiutarajie sana. Maboga haya huzalishwa kwa ajili ya umbo na kikonyo cha kushikia, si kwa ajili ya sufuria. Nyama yake ni nyuzinyuzi na majimaji. Mimi huyaoka hadi yalainike, nikayaponda na kuyaning'iniza kwenye kitambaa usiku kucha yachuje maji, ndipo yakaingia friza kwa ajili ya supu. Ila boga lililopondwa usilifungie kwenye chupa za kuhifadhia chakula kabatini. Ni zito, joto halipenyi sawasawa hadi katikati, na vijidudu vya botulizimu, vinavyotia chakula sumu ya kuua, vinaweza kusalimika humo.

Yaliyochongwa yakalala nje, usile. Hayo ni ya mboji. Toa mshumaa, kwangua nta yote, komba mbegu zisibaki, la sivyo mwakani utang'oa miche ya maboga katikati ya nyanya zako. Kisha yatandike juu ya turubai na uwaite mapacha na mabuti yao ya mvua wayakanyage. Hiyo ndiyo kazi ya bustani ambayo hakuna mtoto ataikimbia, na vipande vidogo huoza upesi. Tandaza majani makavu, ambayo kwa Novemba ya huko hutayatafuta, weka vipande, funika tena kwa majani: ndoo mbili au tatu za majani kwa ndoo moja ya boga. Ukisikia harufu mbaya, maji yamezidi, ongeza majani. Kama huna rundo la mboji, chimba mtaro wa futi moja uyafukie kabla ardhi haijaganda.

La rangi limenye. Maganda yaende kwenye taka, nyama kwenye mboji.

Sasa huyo jirani anajitafutia balaa. Illinois imepiga marufuku kulisha kulungu tangu 2002, kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo unaowakondesha hadi kufa. Wakikusanyika kwenye chakula kimoja wanaambukizana kwa mate. Mfugaji wa kuku au nguruwe anaweza kuyafurahia maboga, lakini muulize kwanza, na usimpelekee yenye nta, rangi au yaliyopanguswa kwa dawa ya klorini ili yasioze. Na ulizia manispaa yenu: miji kadhaa ya jimbo hilo huwa na siku ya kuponda maboga, aghalabu Jumamosi inayofuata Halloween. Watu huyaleta, yakapondwa na kupelekwa kwenye viwanda vya mboji.

Shangazi, maboga niliyoweka kwenye mboji yameganda kama mawe. Nimwagie maji moto?
Msomaji, Michigan

Acha, mwanangu, utapoteza gesi yako bure. Barafu inakusaidia: maji yakiganda ndani ya boga hutanuka na kupasua nyama yake, kwa hiyo likiyeyuka litakuwa limelegea na litaoza haraka. Funika rundo kwa majani, uliache. Kukipata joto, ligeuze kwa uma wa bustani, na kama linachuruzika maji, lichanganye na maboksi ya karatasi yaliyochanwachanwa.