Vyura wa Igoma wamepotelea wapi?

SWALI: Za kazi mhariri. Naishi Igoma hapa Mwanza, zamani mvua za Novemba zikianza tu vyura wanapiga kelele usiku kucha mpaka unatamani kuhama, sasa hivi kimya kabisa. Mwanangu karudi shule anasema kuna chura wa Tanzania aliisha porini akabaki Marekani tu, ni kweli? Na hawa wetu ndo wanaisha? Maana majirani wakimwona ndani wanammwagia chumvi. – Mama wawili

JIBU: Mama wawili, mtoto hajakudanganya. Huyo ni chura wa Kihansi, wa kule Udzungwa, kadogo hakafiki hata sentimita 3, halafu hakatagi mayai kama wenzake, kanazaa vitoto kabisa. Tatizo makazi yake yalikuwa kama hekta 2 tu, pale manyunyu ya maporomoko yanapolowesha majani, na dunia nzima hana kwingine. Bwawa la umeme likajengwa, maji yakapelekwa kwenye mitambo, manyunyu yakakata. Mwaka 2000 wakachukuliwa 499 kwenda kufugwa Marekani, na bahati nzuri, maana waliobaki walikuja kuisha, ugonjwa wa fangasi nao ukachangia, mwaka 2009 IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) wakamwandika katoweka porini. Kuanzia 2012 wameanza kumrudisha bondeni kwake.

Sasa tuje kwa vyura wa kwako. Yule mnene wa mabakamabaka anayekaa chini ya taa ya kibarazani anawanyaka kumbikumbi mmoja mmoja kwa ulimi, yupo kuanzia Kenya mpaka Afrika Kusini, kwa hiyo IUCN hawana presha naye. Hata yule wa majini, anayeteleza kama kambare na ana kucha nyeusi miguu ya nyuma (huyo ulimi hana kabisa, chakula anakisukumia mdomoni kwa mikono), naye hayumo kwenye hatari.

Ila kutokuisha duniani sio kutokuisha Igoma. Chura anataka dimbwi likae na maji wiki kadhaa mpaka viluwiluwi viote miguu, hebu kaangalie pale walipokuwa wanalilia, mi nahisi pameshamwagwa kifusi na msingi wa nyumba umepanda.

Hiyo chumvi waambie majirani waache jamani. Chura hanywi kwa mdomo, anafyonza maji kwa ngozi, sasa chumvi inamkausha akiwa hai. Chukua ufagio msukume taratibu mpaka nje, ukimaliza ziba ule upenyo chini ya mlango.