Mguu Ulioteguka Usikimbiliwe na Mchuaji

Nimefundisha mpira wa miguu vijana wa chini ya miaka 15 mkoani Tanga kwa miaka tisa, na kosa linalonisumbua hadi leo halihusu mbinu za uwanjani. Beki wangu wa kulia, mwenye miaka 13, aliteguka kifundo cha mguu alipogeuka ghafla kumfuata winga. Tukamwita mzee anayesifika kwa kuchua, naye akaja na beseni la maji ya moto na chupa ya mafuta, akaukanda mguu ule kwa nguvu huku mimi nikimshika kijana mabega ili asijitupe. Usiku ukavimba hadi ngozi ikang'aa. Siku ya tatu mama yake alimpeleka kupigwa picha, na ikaonekana kwamba mfupa ulikuwa umevunjika karibu na ncha yake, pale unapokulia.

Hilo ndilo nililokuwa silijui. Kwa mtoto anayekua, sehemu inayorefusha mfupa bado ni gegedu, na mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Msukosuko ambao kwa mtu mzima ungevuta kano tu, kwa mtoto unaweza kuvunja sehemu hiyo, na ikipuuzwa mfupa unaweza kukua umepinda au ukabaki mfupi kuliko mwenzake.

Siku hizi mchezaji akiumia namtoa nje, namfunga bandeji isiyobana kupita kiasi, namlaza mguu ukiwa juu ya begi, kisha namtuma mwenzake kwa mama muuza barafu. Mfuko wa barafu nauzungushia fulana, kwa sababu barafu tupu huunguza ngozi, na nauacha dakika 15 hadi 20. Nyumbani warudie kila baada ya saa mbili au tatu. Maji ya moto, dawa ya kuchua na mikono ya mchuaji havigusi mguu huo siku tatu za mwanzo. Akishindwa kutembea hatua nne, au nikibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo akaruka kwa maumivu, ni hospitali siku hiyohiyo. Aliyegongwa kichwa akaonekana kuchanganyikiwa au kutapika naye hupelekwa hospitali, wala harudi uwanjani siku hiyo hata kama timu imefungwa na hakuna wa kumbadilisha.

Kuhusu kinga, tulikuwa tukizunguka uwanja mara mbili na kujinyoosha, tukaita hiyo kupasha misuli. FIFA ina mpango wa mazoezi uitwao 11+, na upo wa watoto wa miaka 7 hadi 13, ambao utafiti uliofanyika katika nchi nne za Ulaya ulionyesha kwamba ulipunguza majeraha kwa karibu nusu. Hauhitaji vifaa vya gharama: kusimama kwa mguu mmoja huku mkirushiana mpira, kuruka na kutua bila magoti kuingia ndani, kujifunza kuanguka. Vijana wangu waliuona mchezo wa chekechea, na nakiri hata mimi mwanzoni niliona aibu kuusimamia mbele ya wazazi.

Kinachonishinda zaidi ni ratiba. Msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ukikaribia, mtoto mmoja huchezea shule asubuhi, timu ya mtaa jioni na bonanza Jumapili, halafu analalamika kinundu kinachouma chini ya goti, mahali ambapo kano ya misuli ya paja huvuta mfupa wa muundi. Hapo dawa kubwa ni kupunguza kukimbia na kuruka. Mimi huhesabu saa zake zote za mazoezi na mechi kwa wiki, na zikizidi umri wake namwendea mwalimu mwenzangu tukubaliane nani amwache.

Yule beki alikaa na hogo, yaani plasta ngumu, wiki sita. Sikumpanga kwenye mechi hadi aliporuka mara kumi kwa mguu ule peke yake bila kukunja uso, na mama yake ndiye aliyehesabu.