Kidude Kigeni Chomboni: Kwa Wanaoanza Kuandika Hadithi za Anga

Kikundi chetu cha waandishi hapa Nairobi hupokea wanachama wapya kila mwaka, na wengi wao huja na hadithi moja: chombo cha anga kiko safarini mbali na Dunia, kidude cha ajabu kisicho na mtu ndani yake kinatokea gizani, kinakisogelea chombo, kinaingia, na wanaanga wanahangaika nacho mpaka mwisho. Sina ugomvi na wazo hilo, kwa kuwa limebeba hofu inayoeleweka na kila mtu, yaani hofu ya kuingiliwa na mgeni asiyepiga hodi. Ugomvi wangu uko kwenye ukurasa wa kwanza, ambako mwandishi mpya hukimbilia kukieleza kidude, taa zake, mlio wake na uwezo wake wa kutoboa chuma, hata tukifika ukurasa wa tano tunakijua kidude kuliko tunavyomjua nahodha. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kusoma miswada ya aina hiyo, ni kwamba mueleze kwanza kazi za watu waliomo chomboni, zamu zao na mpangilio wa siku yao, kwa sababu msomaji hatishwi na kitu asichokijua mpaka akione kimevuruga kitu anachokijua.

Chukueni mfano wa feni. Katika chombo kinachoelea bila uzito, hewa ya moto haipandi juu wala ya baridi haishuki, kwa hiyo pumzi anayoitoa mtu aliyelala inaweza kubaki imemzunguka usoni, imejaa kaboni dioksidi, naye akaamka kichwa kikimgonga. Ndiyo maana feni za Kituo cha Kimataifa cha Anga huvuma usiku na mchana, na wanaoishi humo huuzoea mvumo huo hata wasiusikie tena. Mwandishi anayelifahamu jambo hili hahitaji king'ora wala taa nyekundu. Anaweza kuandika hivi: "Zawadi alikuwa akikaza skrubu ya mwisho ya kichujio cha maji alipogundua kwamba anaisikia saa yake ya mkononi. Alisimamisha bisibisi. Tangu waondoke, hakuwahi kuisikia saa ile."

Kidude hakijatajwa popote katika sentensi hizo, lakini msomaji aliyekwisha kuelezwa habari za feni ameshakaa wima. Kinachofuata ni kazi ya kawaida kabisa. Zawadi anakagua swichi, anafungua kitabu cha zamu aone kama kuna aliyeandika kwamba feni zinazimwa kwa matengenezo, hapati kitu, anatafuta kwenye kompyuta amri imetoka wapi, na anakuta imetolewa kwa jina la mwenzake ambaye yuko usingizini mbele ya macho yake. Kitabu hicho kipeni heshima ambayo soja wa lango hapa mjini hulipatia daftari lake la wageni, yule anayekusukumia kalamu uandike jina na namba ya kitambulisho hata kama amekuona ukipita kila siku ya Mungu. Chombo ambacho kila mlango ukifunguliwa huandikwa, na kila amri ina jina la mtoaji, ndicho chombo ambacho mstari mmoja usio na mwenyewe unaweza kumnyima msomaji usingizi.

Jambo la pili ni mpangilio wa shuku. Katika miswada mingi, mtu wa kwanza kusikia sauti ngeni hutamka papo hapo kwamba ni viumbe kutoka sayari nyingine, na hapo mhandisi yeyote anayesoma hufunga kitabu. Watu wa kazi hii hushuku mitambo yao kwanza. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamifu Cambridge, aliona kwenye karatasi za vipimo mapigo ya redio yaliyokuja kila baada ya sekunde 1.3 hivi bila kuyumba. Chanzo hicho kilipewa jina la utani la watu wadogo wa kijani, lakini kazi halisi ilikuwa ya kuondoa sababu za kawaida moja baada ya nyingine, na Bell alipopata chanzo cha pili katika sehemu nyingine kabisa ya anga, ikawa vigumu kuamini kwamba jamii mbili za viumbe walio mbalimbali zimeamua kutuita kwa mtindo mmoja na kwa wakati mmoja. Zilikuwa pulsa, yaani masalio ya nyota yanayojizungusha kwa kasi kubwa. Kisa cha darubini ya redio ya Parkes, Australia, ni kizuri zaidi kwa mwandishi: mawimbi yaliyowatatiza wanasayansi kwa miaka yalibainika mwaka 2015 kuwa yanatoka kwenye oveni ya maikrowevu ambayo mlango wake ulifunguliwa kabla haijamaliza kupasha chakula. Nampenda sana mwandishi ambaye wanaanga wake huanza kwa kumshuku mpishi. Kila sababu ya kawaida inayochunguzwa na kuondolewa humsogeza msomaji hatua moja karibu na ile isiyo ya kawaida, naye hufika huko kwa miguu yake mwenyewe.

Kiwekeni chombo mahali panapojulikana, kisha mpige hesabu. Mwanga na mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo sauti kutoka Mwezini hutufikia baada ya sekunde moja na kidogo, ilhali kutoka karibu na sayari ya Neptuni ni saa nne hivi. Swali ambalo nahodha wa Neptuni ameliuliza saa mbili asubuhi haliwezi kupata jibu kabla ya saa kumi jioni, na kwa muda huo zamu nzima imepita, feni zimezimwa, na watu wameshaamua jambo ambalo wakubwa wao huku chini hawajapata hata kulisikia. Ukikipeleka chombo hadi kwenye nyota ya Proksima Kentauri, umbali wa miaka 4.2 ya mwanga, kuuliza na kujibiwa kutachukua zaidi ya miaka minane, na hapo nahodha hana mkubwa tena. (Jirani yake mng'avu, Alfa Kentauri, huonekana kutoka hapa kwetu chini upande wa kusini, jioni za Mei na Juni, mtu akiziacha taa za mji akaelekea Kiserian au Kajiado. Nendeni mkaitazame kabla ya kuiandikia.) Mimi hupendelea Neptuni, kwa kuwa msaada upo na bado hausaidii. Amueni pia saa ya chomboni ni ya wapi, maana huko hakuna macheo ya kutegemea. Kituo cha Kimataifa cha Anga hufuata saa ya UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, na hakuna anayewazuia kukipa chombo chenu saa ya Nairobi.

Sasa kidude chenyewe. Ikibidi kukieleza, kielezeni kwa vipimo. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likatangaza kwamba kipenyo chake ni mita 2.5 hivi, uzito wake kilo 500 hivi, na kwamba ni kipande cha roketi. Hakuna sifa ya kutisha inayoishinda ile kilo 500, hasa kwa mtu mwenye paa la mabati. Kidude cha hadithi nacho kiwe na kipenyo, joto na mwendo, na sifa za ajabu zije kwa uchache mno.

Mwendo ndio utakaowaambia wanaanga kwamba hawatazami jiwe. Mwaka 2017 darubini moja huko Hawaii iligundua kitu kilichoitwa ʻOumuamua, cha kwanza kujulikana kupita karibu na Jua letu kikitokea nje ya mfumo wake. Kabla ya kuvutwa na Jua kilikuwa kikienda kilomita 26 hivi kwa sekunde, na wanasayansi walibishana sana kwa sababu tu njia yake ilionyesha msukumo mdogo ambao mvuto wa Jua peke yake haukuweza kuueleza, ingawa wengi wao wanaona kwamba chanzo chake ni cha asili, kama gesi inayofuka. Ikiwa msukumo mdogo namna hiyo ulizua mjadala wa miaka, fikirieni kitu kinachokuja kwa kasi hiyohiyo halafu kikapunguza mwendo na kutulia sambamba na chombo chenu. Jiwe halina breki. Tena kupunguza mwendo kunadai nishati, na nishati hiyo haina budi kuonekana kama joto kwenye vipimo, kwa hiyo wanaanga watakuwa na siku kadhaa za kukitazama kikipunguza mwendo kabla hakijagusa kitu. Siku hizo ni mali. Mwandishi mpya huziruka ili afike kwenye mapambano, na hapo anatupa nusu ya hofu yake.

Kuhusu namna ya kuingia, mlango wa chuma ndio njia dhaifu kuliko zote. Ronald Bracewell, mwanasayansi mzaliwa wa Australia aliyefundisha Stanford, alipendekeza mwaka 1960 kwamba jamii ya mbali inaweza kutuma chombo kisicho na watu kikae karibu na nyota ya wengine, kisikilize redio zao, na kujitambulisha kwa kuwarudishia mawimbi yao wenyewe. Hebu fikirieni mwanaanga anayemtakia mwanawe aliyeko Buruburu heri ya siku ya kuzaliwa, kisha baada ya dakika chache akaisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka mahali ambapo hakuna kitu, heri ileile, kikohozi kilekile. Kidude hakijagusa hata skrubu, lakini kimeshaingia.

Yupo mwanachama aliyetaka kidude chake kiwasalimie wanaanga kwa Kiswahili kwa kuwa kimeiokota ile sahani ya dhahabu ya santuri iliyofungwa kwenye vyombo vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977. Nilimwambia akaikague orodha. Sahani hiyo ina salamu za lugha 55, na Kiswahili hakimo, ilhali Kiganda kimo. Aliirudisha hadithi ikiwa imeboreka mara mbili: kidude kinatoa salamu, nahodha haelewi, mhandisi haelewi, na mtu pekee anayegeuka rangi ni mpishi aliyezaliwa Masaka, yuleyule waliyekuwa wakimshuku.

Kidude kikishaingia, wapeni watu sababu za kweli za kugombana. Daktari atataka karantini, na historia iko upande wake, kwa kuwa hata wanaanga wa Apollo 11 waliporudi kutoka Mwezini mwaka 1969 walitengwa mpaka siku 21 zilipotimia, kwa hofu ya vijidudu ambavyo hakuna aliyekuwa na hakika kwamba vipo. Afisa wa mawasiliano atataka kujibu salamu, na nahodha atamkumbusha kwamba azimio la wanasayansi la mwaka 1989 kuhusu jambo hili linashauri kusiwe na jibu lolote kabla mataifa hayajashauriana. Azimio hilo si sheria, na afisa atalisema hilo kwa sauti. Mhandisi hatajali karantini wala azimio, anataka feni zake. Wote wanne wana haki, na mabishano ya watu wenye haki hujaza kurasa nyingi kuliko risasi.

Wanapobishana, wazungumze kama watu. Chombo kikiwa cha kijeshi, nahodha ataitwa afande, hata akiwa mwanamke, na hakuna mdogo atakayemkatiza mbele ya wengine; atamwomba wasimame pembeni. Mhandisi mwenye mvi ataitwa mzee na wale wanaomheshimu, na fundi na wale wanaotaka awatengenezee kitu upesi. Vijana wawili wa zamu ya usiku watasemezana kwa Sheng wakiwa peke yao na kurudi kwenye Kiswahili sanifu mara mlango unapofunguka, na kugeuka huko kutamwambia msomaji nani ameingia kabla hamjataja jina. Nawasihi tu msiwape wazee methali tatu tatu. Mtu ambaye hewa inamwishia hana nafasi ya methali. Kompyuta ya chombo nayo isitoe mihadhara. Ikijibu kwa neno moja pale ilipozoea kujibu kwa sentensi, msomaji atashtuka kuliko ikitoa hotuba.

Mwisho wa hadithi huwashinda wengi, na njia mbili za kukwepa tumezikataza kikundini: kuamka kutoka ndotoni na kulipua chombo. Kuna ya tatu ambayo siipendi lakini siikatazi, nayo ni kidude kueleza kilichokuja kufanya. Mimi ningekiacha kiondoke bila kujieleza na kuwaachia wanaanga ripoti ya kuandika, kwa sababu hapo ndipo nahodha aliyeshika kalamu atakapolazimika kuchagua kama kile kikohozi kilichorudi kitaingia kwenye ripoti au la, na ni jina la nani litakaloandikwa mbele ya ile amri ya kuzima feni. Mswada ukikamilika, uleteni umechapishwa kwa herufi kubwa, usizidi kurasa kumi, na mje tayari kuusoma kwa sauti, kwa kuwa sehemu ambayo ulimi wenu utaikwepa ndiyo tutakayoanza nayo.