Fundi Anajibu: Hodi Iliyoangusha Mashine

SWALI: Fundi, shikamoo. Mwalimu wetu wa mitandao anasema miaka ya 1990 mtu aliweza kuzima kompyuta ya mwenzake, hata ruta (kifaa kinachounganisha mitandao), kwa amri moja fupi. Darasa zima tulicheka, yeye hakucheka. Ni kweli? Na waliotengeneza mifumo ile walikuwa wazembe kiasi hicho?
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako hakutania. Anazungumzia "ping ya kifo", iliyovuma mwaka 1996.

Ping ni hodi tu: mashine moja inabisha, nyingine inaitika. Sasa, pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data kinachosafiri mtandaoni, haitakiwi kuzidi baiti 65,535. Ikiwa kubwa kuliko njia inayopita, hukatwa vipande, na mpokeaji huviunga upya. Kila kipande peke yake ni halali. Mwanya ulikuwa pale mwishoni: mifumo mingi haikujumlisha vipande kuona kama jumla imevuka kikomo. Na wala hukuhitaji utundu. Ping ya Windows 95 yenyewe ilikubali uiagize ibebe baiti 65,510. Ongeza 28 za vichwa, yaani maelezo ya safari yanayotangulia mzigo, unapata 65,538. Zimezidi tatu! Hizo tatu zinamwagikia kumbukumbu isiyo yao, na mashine inaganda au inajiwasha upya. Windows, mifumo endeshi ya Unix ya aina nyingi, hata baadhi ya ruta, zote zilianguka.

Mwaka uliofuata ikaja nyingine, LAND: pakiti ambayo anwani ya mtumaji na ya mpokeaji ni ileile. Mashine inajijibu yenyewe hadi inaishiwa pumzi. Baadhi ya ruta za kampuni ya Cisco nazo ziliduwaa.

Kuhusu uzembe, nitakujibu kwa kugawa. Mnamo Novemba 1988 mnyoo (programu inayojisambaza yenyewe) wa mwanafunzi Robert Morris ulipenya mashine za Unix kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa huduma ya finger, inayoeleza nani yumo kwenye mashine. Ilitenga nafasi ya baiti 512. Mnyoo ukaisukumia 536, nayo ikameza bila kupima. Walioiandika siwalaumu sana, kwani mtandao wao ulikuwa wa watafiti walioaminiana. Lakini kufika 1996 kosa hilohilo, la kupokea mzigo bila kuupima, lilikuwa limeshajulikana miaka minane. Hapo naona uzembe.

(Nasema hivyo huku nikijua kuwa niliwahi kufunga ruta ya ofisi moja nikaiacha na nywila ya kiwandani karibu miaka miwili. Aliyeigundua alikuwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, wiki yake ya kwanza.)

Ukitaka kujionea, weka Windows 95 mbili zisizo na viraka (marekebisho ya usalama) kwenye mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta, zilizotengwa kabisa na mtandao, kisha moja iipigie nyingine hodi ya 65,510. Ruta ya chuo usiiguse.