Kushuka Kusini kwa Boti ya Mashine: Subiri Kaskazi

Kila mwaka ifikapo Juni, kipupwe kinapoleta ubaridi kidogo Dar es Salaam na familia zikianza kufikiria likizo, mimi huulizwa swali lile lile na watu wenye boti ndogo za faiba zinazolala Msasani na Kigamboni: je, huu si wakati mzuri wa kushuka Mafia, Kilwa na hata Mikindani? Huwajibu kwamba wasubiri hadi Novemba, na sipendi kuwavunja moyo, kwa sababu hamu hiyo ninaijua vizuri. Mimi mwenyewe sikusubiri mwaka wangu wa kwanza.

Niliondoka mwezi Julai, nikiamini kwamba mashine mbili za farasi 40 zingenifikisha popote. Sikuwa nimezingatia kwamba katika mwambao wetu mkondo wa bahari huelekea kaskazini mwaka mzima, na kwamba kusi linapovuma, tangu Aprili hadi Septemba hivi, upepo na mkondo huungana na kumjia usoni mtu anayekwenda kusini. Tulipofika usawa wa Ras Kimbiji, ambako hakuna kisiwa cha kukinga bahari kuu, boti ilikuwa ikipanda wimbi na kuangukia tumbo, na baada ya saa tatu za kuhangaika niliona kwamba nusu ya petroli imekwisha, nasi bado tunaiona rasi ile ile. Tuligeuza. Mzee mmoja mvuvi aliyetukuta tukikausha nguo pwani ya Kimbiji aliniambia, "Mwanangu, hata sisi wenye bahari hii tukitaka kwenda kusini tunalingoja kaskazi." Tangu siku hiyo sijawahi kuanza safari ya kusini kabla ya katikati ya Novemba.

Wakati huo kusi limekwisha, kaskazi, upepo utokao kaskazini, halijashika, na kati yake kuna maleleji, siku ambazo bahari hutulia na asubuhi huwa kama maji ya birika. Ukichelewa hadi Desemba au Januari bado unaweza kwenda, kwa kuwa kaskazi litakusukuma kwa nyuma, lakini usidhani kwamba upepo wa nyuma siku zote ni raha. Upepo unaokwenda kusini ukikutana na mkondo unaokwenda kaskazini, huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, ambayo huipiga tezi, yaani nyuma ya boti, na kutaka kuizungusha boti ikae ubavu. Kwa hiyo mimi hung'oa nanga saa 11 alfajiri ili Ras Kimbiji niipite mapema, kabla ya upepo wa mchana kuongezeka, na ifikapo saa 8 mchana hupenda niwe nimekwisha kutia nanga mahali penye kinga.

Ukishaipita rasi hiyo, visiwa vya Kwale na Koma, na baadaye Mafia yenyewe, hukukinga na bahari kuu, na hapo ndipo wengi hulegea. Huko hatari yako si tena wimbi, ni kina. Mlango wa Mafia una mafungu ya mchanga na miamba mingi, na tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, katika pwani yetu huzidi mita 3. Bamvua hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku, kisha nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Nilikuwa nikiyajua hayo kwa kuyasoma, lakini mwezi ukiwa mpevu tulilala Kwale, tukaondoka saa 12 asubuhi maji yakiwa yanatoka, na saa 1 na dakika chache tukapanda fungu la mchanga usawa wa Kisiju. Tuliruka majini watu wanne kuisukuma, nayo haikusogea hata kidogo. Saa 4 tulikuwa tumesimama juu ya mchanga mkavu, boti imelalia ubavu, tukisubiri maji yarudi, na ilifika saa 7 mchana ndipo ikaelea. Tulibahatika kwamba palikuwa mchanga. Lingekuwa tumbawe, tungepasua faiba.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu ambao nakuomba, ndugu msomaji, uufuate hata kama jipiesi yako ni ya kisasa. Safiri siku za maji mafu, wakati mkondo wa maji kujaa na kupwa ni dhaifu, na mahali penye mafungu pita maji yakiwa yanajaa, ili hata ukipwelewa, maji yenyewe yakuinue baada ya muda mfupi. Weka mtu mmoja omoni, mbele ya boti, mwenye miwani ya kukata mng'ao, na umsikilize. Asubuhi jua liko kushoto kwako, upande wa mashariki, na mwamba ulio upande huo hauonekani mpaka umekaribia mno. Kwa sababu hiyo mimi hupunguza mwendo hadi jua lipande. Kwenye midomo ya mto Rufiji miwani haisaidii kitu, maana maji yamejaa tope na mafungu huhama kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Pale pitia mbali na nchi kavu, na ukitaka kuingia kwenye mikoko ya delta, chukua kijana wa huko akuongoze.

Kuhusu petroli, hesabu yangu ni ya boti yangu tu, nayo hutumia karibu lita moja na nusu kwa kila maili ya baharini nikienda kwa mwendo wa wastani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, ni kama maili 70, na kutoka Kilindoni hadi Kilwa Masoko ni kama 65. Kwa kila kipande hubeba theluthi moja zaidi ya mahitaji, na akiba hiyo siigusi kwa sababu ya starehe. Mafuta ya kununua njiani kwenye madumu yachuje kila mara, hata muuzaji akikuapia. Mara moja niliamini, na mashine zote mbili zikazimika kwa pamoja karibu na Songosongo kwa sababu ya maji yaliyokuwamo ndani ya petroli. Nanga na amari ndefu, yaani kamba yake, ndivyo vilivyotuokoa, tukakaa hapo tukisafisha kabureta huku boti ikirukaruka. Chukua plagi, pangaboi la akiba, na pampu ya kupozea mashine.

Leseni ya chombo na jaketi okozi kwa kila abiria ni lazima, na utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hupatikana bila malipo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuondoka bila kuusoma. Redio ya VHF iwe wazi chaneli 16. Mtu aliyebaki nyumbani ajue utalala wapi kila usiku.

Ukifika, usiwe na haraka ya kurudi. Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi, papa potwe huja karibu kabisa na pwani. Zima mashine mapema na uwaache wapite. Kilwa Masoko ina bandari yenye kina, nzuri kuliko Kilwa Kivinje ambako maji yakipwa boti hubaki mbali na watu juu ya tope. Ukiwa Masoko, pata kibali cha kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, magofu yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Mwenye wiki nyingi aendelee hadi Mikindani, ambako ghuba ina mlango mwembamba na ndani maji hutulia hata kaskazi likivuma kwa nguvu. Kote huko tia nanga kwenye mchanga. Tumbawe linalovunjwa na nanga moja huchukua miaka mingi kuota tena, na wavuvi wa hapo hulitegemea.

Kurudi kuna tarehe yake. Mimi hurejea kabla Machi haijaisha, kaskazi likiwa limelegea na mkondo ukinibeba kuelekea nyumbani, kiasi kwamba petroli inayobaki huwa nyingi kuliko nilivyokadiria. Baada ya hapo huja masika na kusi, na mwezi Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, jambo ambalo wengi tulidhani halitokei kwetu. Siku hiyo boti yangu ilikuwa imevutwa juu Msasani, imefungwa kwa kamba nne, na nilikuwa nimekwisha kuzitoa mashine zote mbili.