Bima ya wazee Marekani: mbona Michigan wengi wako Medicare Advantage?

Shikamoo. Mama ana miaka 68, niko naye Maryland, na anatumia Medicare ya kawaida, bima ya wazee inayosimamiwa na serikali yenyewe. Mama mdogo yuko Michigan, na yeye na rafiki zake karibu wote wako Medicare Advantage. Tumekosea?

Marahaba. Hamjakosea. Kwenye Advantage, serikali huilipa kampuni ya bima kiasi fulani kwa kila mzee, na kampuni ndiyo inayosimamia matibabu yake. Mara nyingi atatibiwa na madaktari wenye mkataba nayo, na baadhi ya huduma hungoja kibali. Tangu 2023, zaidi ya nusu ya wenye Medicare wanaostahiki wamejiunga, ila kila mahali pana hesabu yake: Puerto Rico ni zaidi ya 9 katika kila 10, Alaska hawafiki 1 katika 20.

Michigan ni jimbo la viwanda vya magari. Huko waajiri wakubwa wamewaingiza wastaafu wao kwa mkupuo, hivyo baadhi ya rafiki za mama mdogo huenda walichaguliwa tu mpango na mwajiri. Kwenu Maryland, bei za hospitali hupangwa na tume ya jimbo na kila bima hulipa karibu bei hiyohiyo. Kampuni haipati mwanya wa kuomba punguzo, kwa hiyo haivutiwi sana kuja. Isitoshe, malipo ya serikali kwa kampuni hutofautiana kaunti kwa kaunti.

Kwa hiyo usihesabu majirani. Pigia simu kliniki ya mama, taja jina kamili la mpango mnaoufikiria, uliza kama daktari wake anapokea wenye mpango huo.

Mimi ni msomaji mwingine. Nahamia Anchorage, Alaska, kikazi pamoja na mama. Ana Advantage, na ana kisukari.

Hili limenigusa, maana muda ni mfupi. Mpango wake unaishia kwenye eneo lake. Akihama ana haki ya kurudi Medicare ya kawaida na kununua baadhi ya mipango ya Medigap, bima ya nyongeza inayojazia gharama ambazo Medicare ya kawaida hailipi, bila kukataliwa kwa ajili ya kisukari. Mwisho wa kuomba ni siku 63 baada ya bima ya zamani kukoma. Zikipita, katika majimbo mengi kampuni inaweza kuchungulia afya yake na kumkataa. Connecticut, Maine, Massachusetts na New York ndiyo yanayowalinda wazee wasikataliwe, wakati wowote au kipindi fulani kila mwaka, na Alaska haimo. Anza kabla hamjafunga mizigo, na usisahau bima ya dawa, kwani huchukuliwa peke yake.

Wakwe zangu wako Columbus, Ohio, wana miaka 67. Wamepata kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu) mwaka huu na hawajawahi kufanya kazi hapa. Wajiunge Advantage?

Bado. Wanatakiwa kwanza wakae miaka 5 mfululizo, kisha wawe na Fungu A la Medicare, la hospitali, ambalo watalilipia, na Fungu B, la madaktari. Kila jimbo lina washauri wa Medicare wasiotoza pesa. Piga 1-800-633-4227 uulizie wa Ohio, na uombe mkalimani wa Kiswahili.

Baba anataka kukaa Tanga miezi minane. Ana Advantage.

Akiwa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi 6 mfululizo, kwa kawaida hutolewa na kurudishwa Medicare ya kawaida, ambayo haitalipa hospitali ya Tanga. Baadhi ya mipango hulipia dharura nje ya nchi. Aulize kabla ya kukata tiketi, na ada ya Fungu B aendelee kuilipa.